Ufuta Niliokulisha kwa Mkono Wangu

Mwanangu Salma,

Nakusalimu, na salamu zenyewe ni kichekesho, maana uko chumba cha pili na nasikia somo wako anakufundisha jambo lililokuchekesha mpaka umekohoa. Uliposhikwa na kikohozi nilisimamisha kalamu nikasikiliza. Kilikuwa kikohozi cha kicheko, si kile kingine. Miaka kumi na saba nimekitegea sikio kifua chako, na kesho alfajiri unaondoka nacho kwenda Takaungu, kwenye nyumba ambayo hakuna hata mtu mmoja anayejua kuvitofautisha vikohozi vyako.

Sitakuandikia mambo ya kupika, kukunja nguo wala kumstahi mume. Hayo somo amekwisha kukujaza masikioni siku hizi saba za fungate, na mengine nimemsikia akikwambia nikaona haya mimi mwenyewe, mtu mzima. Mimi nina jambo moja tu. Leo nimejaribu kukwambia kwa mdomo mara tatu. Mara ya kwanza nilikuletea chai, nikaishia kukwambia kuwa ni moto. Mara ya pili nilikaa nyuma yako nikakusuka nywele zilizokuwa zimekwisha kusukwa. Mara ya tatu ulinitazama ukaniuliza, "Mama, una nini leo?" nikasema ni hili jua. Basi nimejifungia chumbani. Alasiri imeshasaliwa, baba yako yuko barazani na watu wa mumeo wanapanga habari za punda wa safari, na mimi nimechukua kalamu kwa sababu haiwezi kunitazama usoni.

Unajua kwamba wewe na ufuta hampatani. Unajua pia nilichokufundisha juzi, tulipokuwa wawili tu jikoni. Kwa kina mumeo Omari, bibi arusi akifika mlangoni hulishwa kipande cha mkate wa ufuta na asali kwa mkono wa mavyaa wake, mama wa mume, mbele ya wanawake wote wa nyumba, na anayegeuza uso ameitukana nyumba. Nilikwambia ukitie chini ya ulimi, ujifanye unatafuna, kisha ujifute mdomo kwa leso ukiteme humo. Ukaniitikia, "Ndiyo mama," kama unavyoniitikia kila jambo. Tangu hapo sijalala vizuri. Usifanye hivyo, Salma. Nilichokufundisha kinaweza kukuua, na nitakueleza nimejuaje.

Ngoja nianze na mimba yako, maana ndipo wenzangu wote walipoanzia kunihukumu.

Ulikuwa mimba yangu ya pili. Kaka yako Athumani alikuwa ameshaanza kukimbia, mtoto mnene asiyeumwa hata mafua. Tulikuwa tukikaa shambani na bibi yako, mavyaa wangu, Mungu amrehemu, na miaka ile ukisema shamba hapa Malindi ulikuwa unasema ufuta. Ulikuwa umesimikwa matita matita uani ukikauka, unapigwa kwenye majamvi, unapepetwa, mpaka ukilala usiku unakuta chembe masikioni. Bibi yako alikuwa na orodha ndefu ya vitu asivyoruhusiwa mja mzito. Mayai, mtoto atazaliwa bila nywele. Pweza, mtoto atakosa mifupa. Ufuta, unachemsha tumbo. Na mimi mimba yako ikanijia na hamu moja tu duniani, ufuta mbichi, wa kufikichwa viganjani na kupulizwa makapi.

Nilikula. Nilifunga pembe ya leso yangu, nikatia humo ukufi wa ufuta, nikawa nakwenda nyuma ya ghala kama mwizi. Nilikuwa nakula huku nikimtazama jogoo wa bibi yako kana kwamba atakwenda kunisema. Sasa naweza kucheka. Wakati ule nilikuwa mwanamke wa miaka ishirini anayeogopa kukamatwa na chembe menoni.

Mwezi wa nane nikapatwa na homa kali, ya kutetemeka, siku tano nzima. Siku ya sita ukaja. Mkunga wetu, Bi Tatu, alipokupokea hakupiga kigelegele. Wa miezi saba huishi, walikuwa wakisema, wa minane haishi, na wewe ulikuwa wa minane. Ulikuwa mdogo mno, huna nyama, na ngozi yako ilikuwa kavu, imepasuka kwenye viwiko na nyuma ya magoti. Bi Tatu akasema, "Mwana huyu ataka uto. Mpakeni uto mpaka ngozi ishibe." Uto wenyewe unaujua, mafuta ya ufuta, yaliyokamuliwa pale pale mjini kwa kinu cha ngamia.

Basi ulipakwa. Asubuhi, adhuhuri na magharibi, siku arobaini, na baada ya arobaini tukaendelea. Chumba kilifungwa madirisha ili upepo usikuingie, na chetezo hakikupoa. Moshi wa udi ukawa mzito hata Athumani akiletwa kukuona alilia macho. Ngozi haikushiba. Mashavu yako yaliota ukurutu, ukawa unajikuna kwenye bega langu mpaka damu inatoka, na kila ilipotoka damu tulipaka uto zaidi. Nilikuwa nakupaka mimi mwenyewe, kwa mapenzi yote niliyokuwa nayo. Wakati ule sikujua la kuwaza. Tulia hapo, nitapafikia.

Ulipokaribia mwaka, bibi yako alikuwa anakula kashata za ufuta barazani, akakulambisha kidole. Hakukuwa na ubaya wowote moyoni mwake, alikupenda. Kabla hajamaliza kashata yake midomo yako ilikuwa imefura, mwili umejaa mabaka mekundu, na ulikuwa unavuta pumzi kwa sauti ya mlango mbovu. Ulitapika, na kutapika huko ndiko kulikokuokoa, nadhani. Jioni ulikuwa umelala umechoka, unapumua. Watu wakaanza kutafuta sababu, na macho yote yakanigeukia mimi.

Bibi yako akaniuliza mbele ya mawifi zangu, "Mwanaisha, wakati wa mimba ya mwana huyu, wewe ulikuwa ukila nini?"

Ningeweza kunyamaza. Lakini nilikuwa nimekubeba mchana kutwa na sikuwa na nguvu za kuficha. Nikasema, "Ufuta."

"Kiasi gani?"

Nikasema, "Mwingi."

Alipiga makofi mara moja, akatazama juu. "Basi umemla mwanao tumboni," akasema. Tangu siku hiyo sikuwa Mwanaisha katika nyumba ile, nilikuwa Mla Ufuta. Mawifi walikuwa wakiniita hivyo kwa mzaha, na mzaha ule ulikuwa na meno. Ukikohoa, walinitazama. Ukijikuna, walinitazama. Nilipokwenda kwa baba yako kumlilia aliniambia, "Yashapita," neno ambalo wanaume hulitumia kwa mambo ambayo hayajapita hata kidogo.

Hakuna aliyeuliza nilikula nini katika mimba ya Athumani. Jibu lingekuwa ufuta ule ule, tena wa kuokwa, na Athumani hata leo anaweza kula kashata sahani nzima na asikusazie. Mimi mwenyewe sikujiuliza. Niliambiwa ni mdomo wangu, nikaamini. Nataka ukumbuke hilo, kwamba niliamini, maana kilichofuata nilikifanya kwa ajili ya kuosha jina langu.

Una kumbukumbu ya arusi ya shangazi yako Maryamu. Siku zote umesema unakumbuka kanzu ya njano na kuanguka, na kuamka mchana wa pili. Nilikwambia kwamba Mize mpishi alikupa mkate wa ufuta bila kujua. Watu wote waliambiwa hivyo. Baba yako anajua hivyo mpaka leo hii ninavyoandika.

Mize hakukupa kitu. Nilikupa mimi.

Ulikuwa wa miaka mitano. Nyumba imejaa wanawake kutoka Mambrui na Mombasa, na nilikuwa nagawa chai. Nikapita nyuma ya pazia nikamsikia mmoja wa mawifi zangu anamweleza mgeni, "Yule mwana wa kike ni mgonjwa, mamake alimharibu tumboni kwa ulafi." Mgeni akasema, "Masikini, hataolewa." Salma, damu ilinipanda kichwani. Ulikuwa huna kikohozi mwezi mzima. Ngozi yako ilikuwa imetakata, ulikuwa mzuri katika ile kanzu ya njano. Nikajiambia, amepona, alikuwa mchanga tu, amekua, amepona. Nikachukua sinia ya mikate ya ufuta, nikaingia katikati ya wale wanawake, nikakuita kwa sauti kubwa ili wote wasikie. "Salma, njoo mamangu, ule mkate." Ulinitazama. Ulikuwa hujawahi kupewa, na ulijua. Ukauliza kwa kunong'ona, "Huu nile?" Nikasema, "Kula."

Ulikula kwa sababu nilisema kula.

Mengine sitakuandikia yote. Ulimeza mara mbili tu. Ulishika shingo yako kwa mikono miwili ukanitazama mimi, si mtu mwingine, na mimi nilisimama na sinia sikuweza hata kuiweka chini. Aliyekimbia ni Mize. Alikuwa akipita na birika. Alikunyakua, akakutoa nje ya ule moshi wa udi na wa jikoni, akakaa nawe ukumbini kwenye upepo, amekusimamisha wima kifuani pake, hakukulaza. Watu wakapiga kelele, "Mlaze mtoto! Mlaze!" Naye akasema, "Hapana! Akilala amekwenda." Alikutia kidole ukatapika. Akakuimbia sikioni upumue naye, na wewe ukawa unajaribu kupumua naye, midomo yako ya buluu. Sijui ilichukua muda gani. Magharibi iliadhiniwa ukiwa bado mikononi mwake.

Kisha bibi yako akaja akauliza, "Nani kampa?"

Sinia nilikuwa nimeshaitua. Wale wanawake walikuwa wamechanganyikiwa, kila mmoja anasema lake. Nilimtazama Mize, kanga yake imejaa matapishi yako, na nikasema, "Mize."

Alinyanyua macho. Hakusema hapana. Zama zile zilikuwa bado zama za utumwa, Serikali ilikuwa haijawatangazia watu kwamba hawana tena mabwana, na neno lake juu ya neno langu lisingekuwa na uzito wa unyoya. Alikuweka mapajani mwangu, taratibu, kichwa chako juu, akasema, "Usimlaze, Bibi." Siku ya pili aliondolewa nyumbani akapelekwa kulima shamba la mbali, yeye ambaye mikono yake ilikuwa ya kupika tangu utoto. Sikusema neno. Niliendelea kutosema neno miaka kumi.

Unaniuliza nilikuwa mtu gani? Nimejiuliza sana. Nilikuwa mama aliyekwisha kuitwa mwuaji mara moja na hakuweza kuvumilia kuitwa mara ya pili, hasa kwa vile safari hii ilikuwa kweli. Nikaanza kukulinda kama mwenda wazimu. Hukula arusini, hukula matangani, hukula kwa jirani. Ulipokuja kupata pumu kila msimu wa kupiga ufuta nilisema ni baridi ya usiku. Nilipokwambia "usimwambie mtu," hukujua nilikuwa najificha mimi mgongoni kwako.

Mwaka juzi, posa ya Omari ilipoanza kutajwa, nilikwenda Gede. Nyumbani nilisema nakwenda kuzuru. Mize anakaa huko siku hizi, kando ya msitu wa yale magofu, ana mahindi yake na mihogo yake, na hana bwana. Nilimkuta anapalilia. Nilikuwa nimejiandalia maneno njia nzima, na nilipomwona yote yakanitoka. Nikasema tu, "Mize, nimekuja kukutaka radhi."

Alijipangusa mikono. Akaniuliza, "Yule mwana yu hai?"

"Yu hai. Anaposwa."

"Alhamdulillahi," akasema. Akakaa chini kwenye kisiki, akanionyesha na mimi nikae chini. Nilikaa kwenye udongo na buibui langu zuri. Akang'oa magugu mawili yaliyokuwa karibu na mguu wake. Kisha akasema, "Radhi n'takupa, lakini si leo. Leo bado yaniuma." Nilipenda kwamba alisema hivyo. Angenisamehe pale pale ningerudi nyumbani nimelala usingizi, na sikustahili.

Nilipoinuka kwenda zangu aliniita. "Bibi. Huyo mwana aolewa kwa nani?" Nikamwambia. "Wameelezwa?" Nikasema baba yake hataki, tutaharibu posa. Mize akanitazama kama unavyomtazama mtu aliyetia chumvi kwenye uji wa mgonjwa. "Mimi nilikuwa mpishi wenu miaka minane," akasema, "wala hamkunambia hata siku moja kwamba mwana hali ufuta. Nilijua kwa kuona tu, na kwa kuona kwangu nikawa natenga sufuria yake. Lau nisingeona, ningalimwua mimi, kwa mikono yangu, wala nisijue. Jiko asilolijua mtu, na lisilomjua yeye, ndilo litakalomwua. Mwambie mpishi. Mume mwambie ukitaka, lakini mpishi mwambie."

Hapo ndipo nilipopata akili, mwanangu, kutoka kwa mtu niliyemtupa, ingawa ujasiri wa kuitumia nimeupata leo tu.

Na ndiye aliyenirudisha kwenye suala la mimba. Nilimlilia kwamba yote yalitokana na ufuta niliokula nyuma ya ghala. Akacheka, cheko la kweli. "Bibi, nyumba ile nzima wake wote walikula ufuta. Mimi nilikula na mimba zangu nne. Mbona wanangu wala kashata?" Kisha akasema jambo nililokaa nalo tangu siku hiyo. "Mimi niliyekuwa nikifua nguo zake nilijua ngozi yake. Alikuwa na vidonda. Nanyi mkipaka uto juu ya vidonda, siku zote. Mimi huwaza mwili wake uliujua ufuta kwa mlango wa vidonda kabla haujaujua kwa mlango wa kinywa, ukauona adui."

Sijui kama ni kweli. Mimi si tabibu, wala Mize si tabibu, na nilipomwuliza Mhindi mwenye duka la dawa, alinipa chupa ya sharubati ya kifua akataka kuniuzia na ya pili. Huenda ni ngozi. Huenda ni kuzaliwa kabla ya wakati, au homa ile, au moshi tuliokufungia nao siku arobaini. Huenda ni damu tu. Shangazi wa mama yangu alikuwa na pumu tangu utoto na hakuna aliyemwuliza mamake alikula nini. Najua tu kwamba nilibeba lawama miaka kumi na sita bila mtu yeyote kuwa na ushahidi, na lawama hiyo ndiyo iliyonifanya nikutie mkate mdomoni. Ufuta wa mimba haukukudhuru. Kilichokaribia kukuua ni aibu yangu ya ule ufuta.

Kwa hiyo, siku Mungu atakapokujaalia mimba, na somo amenong'ona kwamba anategemea upesi, watakuja wanawake na orodha zao. Wasikilize kwa adabu. Kisha kula. Kula samaki, kula mayai, kula kile ambacho mwili wako unakubali. Usijinyime mpaka ukawa mifupa kwa hofu ya kumharibu mtoto. Mimba ya kwanza utakuja kujifungua hapa kwangu, hiyo ni desturi na hakuna wa kuipinga, na nitafungua madirisha nitoe chetezo nje. Ngozi ya mjukuu wangu ikiwa kavu nitampaka mafuta ya nazi, na Bi Tatu akisema uto nitamtoa yeye pia nje. Na ikiwa mtoto atakuwa kama wewe, mtu yeyote akikutazama mdomoni kuuliza ulikula nini, mwambie aje aniulize mimi. Nimekuwa na miaka mingi ya kuandaa jibu.

Lakini kwanza ufike huko hai.

Wanawake wa Takaungu walipokuja kukutazama, Bi Rukia, mavyaa wako, alinivuta kando. Unaijua sauti yake, ya chini, haina haraka. Akaniambia, "Dada, mimi nimezaa wanaume watupu. Huyu atakuwa mwanangu wa kike. Nambie ukweli, ana ila yoyote, nijue nitamlea vipi?" Aliniuliza hivyo hasa. Hakusema nijue kama nitamchukua. Alisema nijue nitamlea vipi. Na mimi nikatazama chini nikasema, "Hana ila."

Nimelirudia neno hilo kichwani kila siku tangu wakati huo. Baba yako anasema nikilifunua sasa, ndoa imekwisha fungwa, watasema tuliwauzia mbuzi wa kwenye gunia, watakurudisha. Nimemwambia baba yako, na ni mara ya kwanza maishani kumwambia neno kwa sauti ile, kwamba mke aliyerudishwa hupokewa mlangoni, na maiti hupokewa mlango ule ule. Ameondoka kwenda barazani. Sidhani amekasirika. Nadhani anaogopa, kama mimi.

Mimi siwezi kufuatana nawe, mama wa bibi arusi hafuati msafara. Anayefuatana nawe ni somo, na somo mdomo wake ni ngoma, sitaki jambo hili lifike kwa majirani kabla ya kufika kwa mwenyewe. Kwa hiyo barua hii nitaitia ndani ya msahafu wako. Utaifungua njiani mtakapopumzika, uisome mwanzo mpaka mwisho, ulie kama una kulia, unichukie kama una kunichukia, sitakulaumu. Ukifika mlangoni, Bi Rukia atakuja na sahani. Usipokee na usigeuze uso. Mbusu mkono, mwambie, "Mama, nina barua yako kutoka kwa mama yangu, naomba nikusomee kwanza." Macho yake hayasomi karibu siku hizi, kwa hiyo lazima umsomee wewe. Mwombe aingie nawe chumbani, yeye peke yake na mpishi wake. Wanawake watanung'unika. Waache wanung'unike. Huna haja ya kumsomea yote. Msomee kuanzia mstari unaofuata, na usikatishe hata ukiona haya kwa ajili yangu.

Bi Rukia, dada yangu, assalaam alaykum. Anayekusomea ni mwanangu, na sauti yake ikitetemeka ni kwa sababu yangu. Uliniuliza ana ila gani nikakwambia hana. Nilikudanganya, na uliniuliza kwa wema. Salma hawezi kula ufuta, hata chembe, hata ulioshika kwenye kisu kilichokata mkate mwingine. Hawezi kupakwa uto, wala kulala chumba chenye moshi mzito. Akila, mwili wake hufura mpaka pumzi inakatika. Yakimfika, msimlaze chini. Msimamishe wima, mtoe kwenye upepo, na asiachwe peke yake. Hili nililifundishwa na mpishi niliyemdhulumu, na yeye wa kwako namwomba alisikie vizuri, maana uhai wa mwanangu utakuwa mikononi mwake kuliko mikononi mwa Omari.

Si uchawi, si jini, na hakuna aliyekula kitu cha kumharibu tumboni. Alizaliwa mapema, akiwa na ngozi nyepesi, na tukampenda kwa namna tulivyojua. Mtoto ni mtiifu mno. Ukimwambia kula atakula. Ndiyo maana ninakuandikia wewe.

Ukiona uliuziwa kwa hila, una haki, mrudishe kwa punda wale wale na mimi nitampokea kwa furaha wala sitakudai neno. Ukimweka, mlee kama ulivyotaka kumlea siku ile uliponiuliza. Hivi sasa amesimama mbele yako na ile sahani iko karibu yake. Ametoka safari ya siku mbili, amekataa chakula njia nzima kwa hofu, namjua. Iondoe sahani hiyo, dada, umpe wali mweupe na samaki. Mwana ana njaa.

Mimi ni mama yake,
Mwanaisha